Damu Katika Mwezi wa Rajab

Usiku wa tarehe 11 Julai 2010 Dodoma ilikuwa macho, kama Kampala, kama Mombasa. Saa zetu na za Uganda ni moja. Saa tatu u nusu Hispania na Uholanzi zilianza kucheza fainali ya Kombe la Dunia kule Johannesburg, na wakubwa kwa wadogo walikuwa mbele ya televisheni. Wako masheikh wanaouona mpira ni upuuzi, na mimi sina ugomvi nao. Lakini sijamsikia fakihi wa kuaminika aliyesema kuwa damu ya anayeutazama ni halali.

Kiasi cha saa nne u nusu, wakati wa mapumziko, bomu la kwanza lililipuka katika mkahawa wa Ethiopian Village, Kabalagala. Baada ya saa tano mengine mawili yakalipuka katika uwanja wa klabu ya raga ya Kyadondo, ambako umati ulikuwa ukitazama mchezo huo. Watu zaidi ya 70 walikufa. Al-Shabaab wa Somalia wakajitapa kuwa ni kazi yao, ati kisasi kwa ajili ya askari wa Uganda waliokuwako Mogadishu tangu 2007.

Sasa tazama mwezi. Zilikuwa siku za mwisho za Rajab 1431, punde tu baada ya usiku wa Miraji. Rajab ni mmoja wa ile miezi minne mitukufu, na hata Waarabu wa zama za Ujahili walikuwa wakiweka silaha chini mwezi huo. Hawa waliodai kuitetea dini hawakuutazama mwezi, wala hawakuuliza ni nani pale aliye askari na ni nani mpishi.

Wengi hudhani adui alitoka ng'ambo. Sivyo. Mpangaji, Isa Ahmed Luyima, ni Mganda, naye alimwingiza mdogo wake, Hassan Haruna. Usiku wenyewe kaka mtu alikwisha vuka mpaka kuingia Kenya. Mdogo alipewa bomu la kupeleka Makindye, halikulipuka. Lilikutwa kesho yake, na simu iliyokuwa pamoja nalo ikawaongoza wapelelezi. Walioshtakiwa walikuwa Waganda, Wakenya na Watanzania, watoto wa majumba kama haya yetu.

Na kisasi hicho kilizaa nini? Mwezi huohuo viongozi wa Afrika walikutana Munyonyo, Kampala, zikatoka ahadi za askari zaidi. Agosti 2011 Al-Shabaab wakaihama Mogadishu.

Kesi ilikwenda polepole mno. Mei 2016 Jaji Alfonse Owiny-Dollo alimhukumu Isa kifungo cha maisha, na Haruna miaka 50. Watano wengine walionekana hawana hatia, lakini wakakamatwa tena. Ramadhani zisizopungua tano zilikuwa zimewapita gerezani.