Unyakuo: Majirani Zetu Wakristo Wanaamini Nini Hasa?

Mwezi Septemba mwaka 2025 nilipigiwa simu na shemeji yangu wa Wema, mke wa binamu yangu. Binti yao yuko kidato cha nne katika shule ya kutwa, na ilikuwa siku ya tatu hajavaa sare. Alikuwa ameona kwenye simu video za mhubiri mmoja wa Afrika Kusini aliyetangaza kwamba Yesu angekuja kuwachukua watu wake tarehe 23 au 24 ya mwezi huo. Binti akaona hakuna haja ya kusoma Kemia. "Shemeji, wewe umesoma kidogo, njoo uzungumze naye," mama akaniambia.

Mimi ni Muislamu, wao ni Wakristo. Anayeijua Tana hatashangaa. Kuna nyumba nyingi huku ambazo babu ni mmoja, na wajukuu wengine wako msikitini, wengine kanisani. Nilimwambia amwite mchungaji wao, akanijibu kwamba yuko safarini Malindi. Basi nikaenda. Njiani nikagundua kwamba jambo lenyewe silijui. Nilikuwa nikidhani kila Mkristo anaamini kwamba ipo siku atapaa ghafla na kuacha viatu mlangoni. Sivyo. Nimeuliza mapadri, wachungaji na wazee wa kanisa tangu siku ile, na nimesoma nilichoweza kusoma (diploma yangu ni ya maendeleo ya jamii, si ya dini). Haya ndiyo niliyoyapata.

Neno lenyewe linatoka katika Waraka wa Kwanza kwa Wathesalonike, sura ya 4, aya ya 16 na 17. Paulo anawaliwaza watu waliofiwa. Anasema kwamba Kristo atakaporudi, waliokufa katika imani watafufuka kwanza, kisha walio hai watanyakuliwa pamoja nao mawinguni kumlaki Bwana hewani. Na hewani hapa si Hewani ya jirani zetu, ingawa wazee wa huko wameshautania sana mstari huo.

Hadi hapo Wakristo karibu wote wako pamoja: Kristo atarudi, wafu watafufuliwa, kutakuwa na hukumu. Ugomvi ni wa mpangilio. Je, kunyakuliwa ni tukio la pekee linalotangulia, au ni sehemu ya marejeo yenyewe? Na je, waumini wataionja Dhiki Kuu, kile kipindi cha mateso ya Mpinga Kristo ambacho wengi wanakihesabu miaka saba kutokana na kitabu cha Danieli?

Kundi linalosikika zaidi redioni na kwenye simu ni la wanaosema unyakuo utatokea kabla ya dhiki. Kristo atakuja kwa siri, awachukue walio wake, kisha dunia iachwe katika moto wa miaka saba, ndipo arudi waziwazi. Wanategemea aya kama Ufunuo 3:10, inayozungumzia kulindwa na saa ya majaribu, na ile ya Wathesalonike inayosema waumini hawakuwekewa ghadhabu. Makanisa mengi ya kipentekoste ya hapa Pwani yanafundisha hivyo. Lililonishangaza ni umri wa mpangilio huu. Aliyeueneza ni John Nelson Darby, mhubiri wa Ireland, katika miaka ya 1830. Kule Marekani ukapata nguvu kupitia Biblia yenye maelezo ya Scofield, iliyochapishwa 1909, na kuanzia 1995 kupitia riwaya za Left Behind, zilizouzwa kwa mamilioni na kutengenezewa filamu. Kwa hiyo yule binti alipokuwa akisema "Biblia imesema", sehemu ya aliyoyasema yalikuwa ya filamu.

Wapo wanaoweka unyakuo katikati ya ile miaka saba, baada ya miaka mitatu na nusu. Hao ni wachache na sitakawia kwao.

Wanaosema unyakuo ni baada ya dhiki wana hoja ambayo mimi, kama msemaji wa Kiswahili, imenikaa vizuri. Wanauliza: kumlaki mgeni ni nini? Mgeni wako akishuka Minjila, unatoka nyumbani kwenda kumpokea, unamsaidia mizigo, kisha mnarudi naye kwako. Humlaki mgeni ili mpande gari pamoja mrudi alikotoka. Hivyo kwao waumini watainuliwa kumpokea mfalme anayeshuka, na wote watateremka. Wanaongeza Mathayo 24, ambapo Yesu anataja kuja kwake na kukusanywa kwa wateule baada ya dhiki ya siku zile.

Sura hiyohiyo ina mfano wa watu wawili shambani, mmoja akatwaliwa na mwingine akaachwa. Kundi la kwanza husema aliyetwaliwa ndiye aliyeokoka. Mzee mmoja wa kanisa alinionyesha aya iliyotangulia: habari ni ya gharika ya Nuhu, na waliochukuliwa ni waliozama. "Wewe umeyaona maji ya 2024," akaniambia. "Maji yakija, unataka kuwa aliyechukuliwa au aliyeachwa?" Kwa mtu aliyelala juu ya tuta mwezi wa Mei mwaka ule, swali hilo halihitaji jibu.

Kanisa Katoliki halifundishi unyakuo wa siri kabisa. Katekisimu yake, vifungu vya 675 hadi 677, inasema Kanisa lenyewe litapita katika jaribu la mwisho kabla ya Kristo kuja, na inakataa wazo la utawala wake wa kidunia wa miaka elfu kabla ya hukumu. Msimamo wa namna hii ni wa zamani. Agostino wa Hippo, Mwafrika wa kaskazini aliyefariki mwaka 430, aliieleza ile miaka elfu ya Ufunuo 20 kuwa ni zama hizi za Kanisa, si hesabu ya kalenda. Waanglikana na Walutheri wengi wako karibu na hapo, na Wamethodisti wengi pia, wale ambao kwetu historia yao inaanzia Golbanti katika miaka ya 1880.

Waadventista Wasabato nao wana lao. Wanakataa kuja kwa siri: kila jicho litamwona. Wenye haki watapelekwa mbinguni kwa miaka elfu, na dunia itabaki ukiwa. Hawa wana kumbukumbu chungu ya tarehe. Chimbuko lao ni wafuasi wa William Miller wa Marekani, waliongoja tarehe 22 Oktoba 1844 hadi usiku wa manane wakalia. Mashahidi wa Yehova wanasema wanaokwenda mbinguni ni 144,000 tu, na wengine wataishi katika dunia iliyofanywa bustani.

Sasa nirudi kwenye tarehe, maana hapo ndipo watu wanapoumia. Harold Camping, mhubiri wa redio wa Marekani, alitangaza tarehe 21 Mei 2011. Ilipopita akasogeza hadi 21 Oktoba. Mwaka uliofuata alikiri kwamba alikosea, lakini baadhi ya waliomwamini walikuwa wameshatumia akiba zao. Katika makundi yote niliyoyataja hapo juu, sikukutana na hata mchungaji mmoja aliyenitajia siku. Wote walinisomea Mathayo 24:36: siku ile na saa ile hakuna aijuaye. Nami nikawasomea Al-A'raf, aya ya 187, ambapo Mtume anaulizwa juu ya Saa na kuamrishwa ajibu kwamba elimu yake iko kwa Mola wake tu. Tukatazamana.

Nimetaja makundi haya kwa urefu kwa sababu ya Shakahola. Tangu Aprili 2023, ilipoanza kufukuliwa miili katika msitu ule wa Kilifi, hesabu ikapita 400, nasikia maneno mabaya kwenye vibaraza vyetu sisi Waislamu. Kila mlokole anaitwa Mackenzie. Paul Mackenzie amekana mashtaka aliyosomewa, na kazi ya mahakama tuiachie mahakama. Lakini linalodaiwa ni kwamba watu waliambiwa wafunge chakula hadi kufa ili wakutane na Yesu. Hilo haliko katika kundi lolote kati ya haya. Angalia kitenzi chenyewe: kunyakuliwa. Ni jambo la kutendewa. Anayeamini unyakuo wa kabla, wa kati au wa baada, wote wanangoja kuchukuliwa. Hakuna anayejipeleka, wala anayempeleka mtoto wake. Mwaka 2025 makaburi mengine yalifukuliwa Kwa Binzaro, mahali pasipo mbali na Shakahola, na maneno ya vibarazani yakaanza upya. Kule Uganda pia, tarehe 17 Machi 2000, mamia waliteketea ndani ya kanisa lililofungwa huko Kanungu, baada ya viongozi wao kutabiri mwisho ambao haukufika. Kuwaweka majirani zetu wanaosali Jumapili na kwenda shambani Jumatatu kwenye kapu hilo ni dhuluma.

Na sisi tusijifanye mambo haya ni mageni kwetu. Tunaamini Nabii Isa aliinuliwa na kwamba atashuka. Tunamjua Dajali, tunawajua Yajuj na Majuj. Katika Sahihi Muslim imo hadithi ya upepo mwanana utakaochukua roho ya kila muumini, wabaki watu waovu, na Saa iwasimamie hao. Nilipomsimulia mchungaji mmoja habari hiyo alinyamaza kidogo, kisha akacheka, akasema basi nanyi mna unyakuo wa kabla. Si kitu kimoja, kwa sababu kwetu ni kufa, si kupaa. Ila nilielewa kwa nini alicheka.

Siku ile Wema sikuwa na haya yote kichwani. Nilikaa na binti chini ya mwembe, nikamuuliza swali moja tu: huyo mhubiri, tarehe ikipita, atakulipia mwaka mwingine wa shule? Akanijibu kwa adabu, "Baba mdogo, wewe huwezi kuelewa, si dini yako." Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Nikamwomba mama ampigie mchungaji simu hukohuko Malindi na kuiweka kwenye spika. Mchungaji ni mpentekoste, wa kundi la kabla ya dhiki, tena kwa moyo wote. Alimwambia binti kwamba yeye anamngoja Bwana tangu mwaka 1989, na kila msimu amepanda mpunga.

Jumatano ile, tarehe 24, nilipita tena jioni. Shemeji alinikaribisha wali na kambare. Binti alikuwa ndani, taa imewashwa, daftari la Kemia mapajani. Hakunitazama usoni, nami sikumuuliza kitu.