Gunia Mashineni: Kompyuta na Namna za Kungoja

Mkulima wa Lumemo anayepeleka mpunga kukobolewa Ifakara hungoja kwa namna mbili. Foleni ikiwa ndefu, huacha magunia na namba ya simu, akaendelea na shughuli zake. Gunia lake likiwa ndilo linalofuata, husimama papo hapo. Waundaji wa kompyuta na wa mifumo endeshi wamelipima jambo hilohilo kwa takriban miaka 70.

Kompyuta za mwanzo zilisimama tu mashineni: prosesa iliuliza na kuuliza tena kama kifaa kimemaliza. Muda mwingi ulipotea, na mwaka 1954 kompyuta ya Marekani iitwayo DYSEAC ikaleta katizo, yaani kifaa chenyewe kupiga simu.

Taarifa za kompyuta huhifadhiwa kwenye diski, na diski inayozunguka mara 5,400 kwa dakika hutumia milisekunde 11 kwa mzunguko mmoja, muda ambao prosesa hufanya kazi tele. Kwa hiyo kerneli, moyo wa mfumo endeshi, huilaza programu iliyoomba taarifa. Katizo likifika, prosesa huweka kando kazi iliyonayo. Kerneli hulitambua ombi lililokamilika, hukagua hitilafu, kisha huiamsha programu.

Halafu zikaja diski zisizozunguka. Kiwango cha NVMe cha mwaka 2011, cha kuwasiliana na diski hizo, kiliruhusu foleni zaidi ya 65,000, na jibu likawa linarudi kwa mikrosekunde. Kwa diski zenye kasi zaidi, kulala na kuamshwa sasa kukaweza kugharimu karibu sawa na kungoja kwenyewe, au hata zaidi.

Wengine walililaumu katizo kwa gharama hiyo. Wengine, foleni moja ya maombi ndani ya kerneli, iliyogombewa na prosesa zote. Nionavyo, foleni ndiyo iliyostahili kushughulikiwa kwanza, kwa kuwa anayeharakishwa kuamka ili akabanwe mlangoni hajaokoa kitu. Linux, mmojawapo wa mifumo endeshi, ilifuata mpangilio huo: foleni nyingi mwaka 2014, kisha, mwaka 2016, kuulizauliza kulekule kwa zamani. Mwaka 2019 ikaongeza io_uring, ambapo kerneli huandika majibu kwenye kumbukumbu ambayo programu huisoma yenyewe.

Hata hivyo katizo halijastaafu. Katika Linux, foleni za NVMe za kuulizauliza ni sifuri mpaka msimamizi wa mashine aziombe.