Kabla ya kumwita Lucille Ball mtalaka wa mtu

Kuna video moja ya zamani, ya rangi nyeusi na nyeupe, ambayo nina hakika imeshapita kwa simu yako. Wanawake wawili wako kiwandani wakifunga chokoleti zinazopita mbele yao kwenye mkanda. Mkanda unaongeza kasi, zinawashinda, wanaanza kuzificha mdomoni, kwa kofia, ndani ya nguo. Mmoja wao ni Lucille Ball. Kipindi kinaitwa I Love Lucy, mwaka ni 1952, na yule mume anayesumbuliwa kila wiki kwenye kipindi alikuwa mume wake wa kweli, Desi Arnaz.

Watu wakimaliza kucheka huuliza swali moja: waliachana? Ndiyo, waliachana. Basi hadithi inafungwa hapo, Lucy anabaki mke wa zamani wa yule Mcuba wa televisheni. Wasee, mimi naona hapo tunaruka sehemu tamu kabisa.

Walikutana 1940 katika studio za RKO, Hollywood, wakitengeneza filamu ya Too Many Girls. Lucy alikuwa mwigizaji wa mkataba, anayepewa filamu ambazo nyota wakubwa hawazitaki. Desi alikuwa mwanamuziki kutoka Santiago de Cuba, mtoto wa meya, ambaye familia yake ilikimbilia Marekani baada ya mapinduzi ya 1933. Lucy alimzidi karibu miaka sita, na unajua vile watu huongea. Walioana Novemba 30 mwaka huo huo.

Halafu shida ikaanza, tena ile ya kawaida kabisa. Desi yuko njiani na bendi yake, mji huu leo, mji ule kesho. Lucy yuko studio kuanzia alfajiri. Kulikuwa na pombe, kulikuwa na wanawake wengine. Mwaka 1944 Lucy alienda kortini kuomba talaka, kisha wakarudiana kabla haijakamilika. Alitaka watoto, mimba zikawa zinaharibika. Mtoto wao wa kwanza, Lucie, alizaliwa Julai 1951, Lucy akibakisha wiki chache kutimiza miaka 40.

Sasa shika hii, kwa sababu ndiyo kiini cha mambo. Lucy alikuwa na kipindi cha redio tangu 1948, akiigiza mke wa mwanaume mwingine. Kituo cha CBS kikataka kukipeleka kwenye televisheni. Akasema sawa, lakini mume atakuwa Desi. CBS wakakataa: ati Wamarekani hawataamini mwanamke wao ameolewa na Mcuba mwenye lafudhi ile. Kwani si alikuwa ameolewa naye tayari, miaka kumi? Hakubishana sana. Mwaka 1950 walianzisha kampuni yao, wakaiita Desilu, majina yao mawili yakiunganishwa, wakazunguka kwenye majukwaa wakichekesha watu ana kwa ana. Watu wakacheka. CBS wakanyamaza.

Yaani kile kipindi, kabla hakijawa biashara, kilikuwa mpango wa mwanamke wa kumweka mume wake nyumbani.

Hata ile sehemu ya kibiashara ilitokana na hiyo hiyo. Wakati huo vipindi vikubwa vilirushwa moja kwa moja kutoka New York, na miji ya mbali ikapata nakala mbovu iliyopigwa kutoka kwenye kioo. Wao walikataa kuhama California. Wakasema watapiga kipindi kwa filamu halisi ya sinema, kamera tatu, watu wamekaa wakicheka papo hapo. Ni ghali. Nani atalipa? Wakakubali kukatwa dola 1,000 kwa wiki, kwa sharti moja: zile filamu ziwe mali ya Desilu. Hakuna aliyeona shida. Nani angetazama kipindi mara ya pili?

Manze, kila mtu alitazama mara ya pili. Na ya tatu. Baadaye CBS walizinunua tena filamu hizo kwa zaidi ya dola milioni 4, na mwishoni mwa 1957 Desilu ikanunua studio za RKO zenyewe. Pale pale Lucy alipokuwa akipewa mabaki ya filamu.

Lakini nyumba nayo? Kila kitu cha nyumbani kiligeuzwa kipindi. Lucy alipopata mimba ya pili, mimba ikaingizwa kwenye hadithi, ingawa neno lenyewe lilikatazwa kutamkwa hewani na maandishi yakakaguliwa na padre, mchungaji na rabi. (Na chumbani kwao kwenye kipindi kulikuwa na vitanda viwili. Usiniulize mimba ilitoka wapi.) Januari 19, 1953, alijifungua Desi mdogo kwa upasuaji uliopangwa, na usiku huo huo Lucy wa kwenye kipindi akajifungua. Watu wapatao milioni 44 walitazama. Kesho yake Eisenhower aliapishwa kuwa rais, akapata milioni 29 hivi.

Hebu fikiria uzito wa hiyo. Nchi nzima inaamini ndoa yako, na wewe unajua mumeo hajalala nyumbani.

Sitaki kumfanya Desi shetani. Akili ya biashara ilikuwa yake kwa sehemu kubwa, mpango wa kamera tatu aliusukuma yeye, na alifanya kazi mpaka ikamla. Pombe ikamaliza kilichobaki. Machi 2, 1960, siku ya kuzaliwa kwake, walipiga kipindi chao cha mwisho pamoja, wakiwa hawaongei vizuri hata nyuma ya kamera. Kinaisha kwa busu. Kesho yake Lucy akapeleka karatasi za talaka kortini.

Huwa naona wapenzi wa YouTube hapa kwetu wakiachana, na baada ya wiki mmoja wao anaanza chaneli mpya kutoka sifuri. Chaneli ilikuwa kwa barua pepe ya jamaa, doo zilikuwa zinaingia kwa akaunti yake, dada alikuwa ndiye sura. Sisi kwenye komenti tunauliza nani alichiti. Mimi siku hizi nauliza jina la nani liko kwenye karatasi.

La Lucy lilikuwepo. Alikuwa na hisa. Mwaka 1961 aliolewa na mchekeshaji Gary Morton, na mwaka 1962 akanunua hisa za Desi kwa karibu dola milioni 2.5, akawa mdosi wa studio kubwa ya televisheni, mwanamke wa kwanza Hollywood kukalia kiti hicho. Chini yake Desilu ilitengeneza Mission: Impossible, na Star Trek pia, ambayo wakubwa wenzake waliiona ni hasara tupu. Mwaka 1967 aliuza kampuni kwa takriban dola milioni 17.

Kuna kitu kimoja bado kinanikera. Kipindi chake kipya cha 1962, The Lucy Show, kilikuwa cha wanawake wawili wanaoishi pamoja na watoto wao. Mmoja mjane, mwingine ameachika, jambo ambalo lilikuwa halijazoeleka kabisa kwenye televisheni ya Marekani. Aliyeachika alikuwa rafiki, aliyeigizwa na Vivian Vance. Lucy, ambaye nchi nzima ilijua ameachika, alipewa ujane. Mwenye studio ni yeye, lakini Lucy wa kwenye kioo hakuruhusiwa kuwa na talaka.

Yeye na Desi waliendelea kuongea mpaka mwisho. Mwaka 1986 Desi alikuwa akifa kwa kansa ya mapafu, na mara yao ya mwisho kuzungumza kwa simu ilikuwa Novemba 30. Ingekuwa miaka 46 ya ndoa. Alifariki Desemba 2. Siku tano baadaye Lucy alikaa Washington akipokea heshima ya Kennedy Center, na mbele ya ukumbi mzima ikasomwa barua ambayo Desi alikuwa amemwandikia kwa ajili ya usiku huo.