Njia Hudumu kwa Kupitwa

Katika vijiji vya Uingereza, mwendesha baiskeli ya milimani akifika kwenye lango linalokatiza njia ya farasi, mara nyingi hana haja ya kushuka. Komeo limeunganishwa na mpini mrefu wa chuma uliosimama wima kupita ukingo wa lango, kiasi kwamba mkono unaufikia mtu akiwa bado juu ya tandiko. Anauvuta, lango linaachia, anapita, linarudi kujifunga nyuma yake. Mpini huo hakuwekewa yeye. Aliwekewa mpanda farasi, na mshale wa buluu uliopigiliwa kwenye nguzo ya lango unasema hivyo hivyo: hapa ni njia ya farasi, tofauti na ile ya mshale wa manjano, ambayo ni ya waendao kwa miguu tu. Wahenga walisema ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Njia hizi, ambazo leo wapenda baiskeli wanazisifu kwa vilima, misitu na hifadhi za kale, hazikuundwa na baiskeli wala na wapangaji wa utalii. Ziliundwa na miguu na kwato, zikalindwa na watu waliokataa kufungiwa, na hudumu kwa sababu moja kubwa, nayo ni kwamba watu hawakuacha kuzipita.

Ili kuona uzito wa jambo hili, ni lazima kwanza tukumbuke jinsi mashambani mwa nchi ile mlivyofungwa. Kati ya mwaka 1604 na 1914 bunge lilipitisha zaidi ya sheria 5,200 za kuzungushia ardhi ua, zikagusa ekari zipatazo milioni 6.8. Malisho ambayo kijiji kizima kilichungia ng'ombe na kuokotea kuni yakawa mali ya wachache, na palipokuwa wazi pakaoteshwa ua wa miiba au pakajengwa ukuta wa mawe. Lakini hati zilezile zilizowanyang'anya wanakijiji malisho zilitaja pia barabara na njia za umma ambazo zingebaki, mara nyingi pamoja na upana wake. Leo, halmashauri inapobishana na mwenye shamba kuhusu njia iliyosahauliwa, hati hizo hufunguliwa upya kama ushahidi. Ardhi ilikwenda, njia ikabaki. Sheria ya Uingereza ilishika kanuni kwamba njia ikishakuwa ya umma haiachi kuwa ya umma kwa sababu tu nyasi zimeifunika. Inahitaji amri ya kisheria kuifuta.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko Richmond Park, kusini-magharibi mwa London. Mwaka 1637 Mfalme Charles I alikamilisha ukuta wa matofali wenye urefu wa takriban kilomita 13, akazungushia ardhi yake pamoja na mashamba ya watu na malisho ya vijiji, ili afuge kulungu wa kuwinda. Manung'uniko yalikuwa makubwa, naye akaacha malango na ngazi za kuvukia ukuta ili wenyeji waendelee kupita. Mwaka 1751 Binti Mfalme Amelia, mtoto wa George II, akawa msimamizi wa hifadhi, akaifunga kwa wote isipokuwa marafiki na wachache waliopewa kibali. John Lewis, mwenye kiwanda cha bia pale Richmond, alijaribu kuingia kwa lango la upande wa Sheen, akafungiwa mlango usoni. Hakuomba kibali. Alikwenda mahakamani, na mwaka 1758, mbele ya Jaji Michael Foster, akashinda: watu wa miguu walikuwa na haki ya kupita.

Yaliyofuata hukumu ile yanafundisha kuliko hukumu yenyewe. Lewis aliulizwa kama anataka mlango au ngazi ya kuvukia ukuta. Akachagua ngazi, kwa hoja kwamba mlango wa hifadhi yenye kulungu lazima uwe unafungwa, na mlango unaofungwa siku moja utatiwa kufuli. Ngazi haina kufuli. Zilipojengwa, vipandio vyake viliachana mno, hata wazee na watoto wakashindwa kupanda. Lewis akarudi kulalamika kwa jaji, na jaji akaagiza zitengenezwe upya ziweze kupandwa hata na kikongwe. Mtengeneza bia huyu alikuwa ametambua tofauti ambayo wengi huielewa wakiwa wamechelewa. Kibali hutolewa na mtu, na mtu huyo anaweza kukitwaa. Haki haimngoji mtu akupe. Na haki isiyopandika, hata ikiandikwa kwa wino wa mahakama, ni sawa na ukuta.

Baiskeli ilipokuja, haikupokewa kama mrithi wa njia hizi. Mwaka 1879 mahakama iliamua kwamba baiskeli ni gari, na sheria ya mwaka 1888 ikalithibitisha hilo. Waendeshaji wakapata haki ya barabara, lakini gari halina nafasi kwenye njia ya farasi. Wakati huohuo haki ya kupita ilizidi kupata umbo. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana wafanyakazi waliingia kwa makusudi katika nyika ya Kinder Scout, iliyokuwa imefungwa kwa ajili ya uwindaji wa ndege. Kiongozi wao, Benny Rothman, kijana wa miaka 20, alifika huko kwa baiskeli kutoka Manchester, akikwepa polisi waliokuwa wakimngoja kwenye stesheni ya reli. Alifungwa miezi minne. Mwaka huohuo ilipitishwa sheria iliyosema kwamba njia iliyopitwa na umma kwa miaka 20 bila nguvu, bila kujificha na bila kuomba ruhusa huhesabiwa kuwa ya umma, isipokuwa mwenye ardhi athibitishe kwamba hakukusudia hivyo. Mwaka 1949 halmashauri zikaagizwa kuchora ramani rasmi za njia zote za aina hiyo. Hatimaye, mwaka 1968, sheria ya maeneo ya mashambani ikawafungulia waendesha baiskeli njia za farasi, kwa sharti kwamba wawapishe waendao kwa miguu na wapanda farasi.

Kuna watakaosema kwamba historia hii yote ni ya mbali, kwa kuwa mchezo wenyewe ulizaliwa Marekani. Ni kweli kwamba mashindano ya kuteremka milima ya Marin County, California, yalianza mwaka 1976, na baiskeli za kiwandani zikafuata miaka michache baadaye. Lakini California ilitoa chombo. Haikutoa pa kupita. Sheria ya 1968 ilikuwa imeshatangulia kwa miaka minane, na njia ya South Downs Way, ambayo leo ina kilomita 160 kati ya Winchester na Eastbourne, ilizinduliwa mwaka 1972 ikiwa ya farasi na baiskeli, juu ya mapito ya kale ya mgongo wa vilima vya chokaa. Tena, tangu mwaka 1955 palikuwa na chama cha Rough Stuff Fellowship, ambacho wanachama wake walipitisha baiskeli za kawaida kwenye mawe na matope, na pasipopitika wakazibeba mabegani. Magurudumu manene yalipofika yalikuta mlango uko wazi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Ukuta wa Charles ulikuwa dhulma, lakini bila ukuta ule London ingekwisha kuimeza Richmond, na mialoni ya kale isingekuwepo. Zaidi ya hayo, gurudumu kwenye udongo wa mfinyanzi wakati wa mvua huchimba mfereji, maji hufuata mfereji, na njia huliwa. Na udongo uliokanyagwa ukashindiliwa juu ya mizizi ya mti mkongwe huunyima mti hewa na maji. Hoja hizi ni za kweli na hazifai kupuuzwa. Ndiyo maana Richmond leo haimruhusu mwendesha baiskeli kukatiza nyasini, bali humwelekeza kwenye barabara na kwenye Tamsin Trail, njia ya changarawe inayozunguka hifadhi. Lakini kutunza ardhi ni kazi moja, na kumfungia mtu nje ni kazi nyingine. Tangu Lewis ashinde, watu wamepita pale kwa zaidi ya miaka 260, na kulungu wangali wanalisha. Kinachookoa mti ni njia iliyopangwa mbali na mizizi yake, na hilo halihitaji kufuli langoni.

Hata hivyo Richmond inamkumbusha mwendesha baiskeli kwamba urithi wake ni mwembamba. Haki aliyoishinda Lewis ilikuwa ya miguu; gurudumu kwenye Tamsin Trail lipo kwa ruhusa. Katika njia zote za umma nchini Uingereza, takriban moja tu kati ya tano ndiyo iliyo wazi kwa baiskeli, na sheria ileile ya 1968 inasema hailazimishi mtu yeyote kuirekebisha njia ya farasi ili iwafae waendesha baiskeli. Scotland ilikwenda mbali zaidi mwaka 2003, ikatoa haki ya kupita karibu kila mahali kwa miguu, farasi na baiskeli, mradi mtu apite kwa kuwajibika. Anayetaka Uingereza ifuate mkondo huo hana budi kuanza na lile sharti la kupisha. Mwendesha baiskeli anayepunguza mwendo, akasogea pembeni na kumwachia njia bibi kizee mwenye mkongojo, analinda kitu kilekile alichokilinda Lewis aliporudi mahakamani kwa ajili ya vipandio vya ngazi.