Faraja Inayolisha: Imani ya Kikristo na Siku za Dhiki katika Pwani ya Malindi

Faraja katika imani ya Kikristo ni nguvu anayopewa mtu aliyeelemewa ili aendelee kuishi, kupenda na kutumaini hata kabla shida yake haijaisha. Haimwambii mfiwa kwamba hakupoteza kitu, wala haimwahidi mgonjwa kwamba kesho ataamka mzima. Chanzo chake ni Mungu, lakini mara nyingi humfikia mtu kupitia kwa watu: wanaokuja, wanaokaa, wanaopika, wanaochanga na wanaosali naye. Tumaini ni pacha wake. Faraja humshika mtu leo. Tumaini humhakikishia kwamba leo si mwisho.

Makala haya yanaeleza mafundisho hayo yalikotoka, yalivyopita katika historia ya pwani ya Kenya, na yanavyotekelezwa katika mitaa kama Muyeye, mjini Malindi. Yanaeleza pia jinsi yanavyoweza kupotoshwa, kwa sababu Kaunti ya Kilifi, iliko Malindi, imejifunza jambo hilo kwa gharama kubwa mno.

Msingi katika Maandiko

Biblia haimkatazi mtu kulia. Karibu theluthi ya Zaburi 150 ni maombolezo, na baadhi yake zina maneno makali ya mtu anayemuuliza Mungu yuko wapi. Nyingi kati ya hizo humalizia kwa sifa na shukrani, lakini Zaburi ya 88 huishia gizani, na bado ikahifadhiwa miongoni mwa sala takatifu. Ayubu alipofikwa na misiba, marafiki zake watatu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno. Hilo lilikuwa jema. Walipoanza kumtafutia makosa yaliyomletea mateso, waligeuka mzigo juu ya mzigo, na mwisho wa kitabu Mungu anawakemea wao. Yesu mwenyewe alilia akielekea kaburini kwa Lazaro, ingawa alijua atakalolitenda muda mfupi baadaye. Anayemwambia mfiwa kwamba machozi ni upungufu wa imani hakulitoa neno hilo katika Maandiko.

Jambo la pili ambalo Biblia hulirudia ni chakula. Nabii Eliya alipokimbilia nyika akiomba afe, malaika hakumhubiria. Alimletea mkate na maji, akamwamsha ale, akamwacha alale, kisha akamwamsha tena ale kwa kuwa safari ilikuwa ndefu. Yesu alipomfufua binti Yairo, agizo lake kwa wazazi lilikuwa apewe chakula. Paulo alipokuwa katika chombo chenye watu 276 kwa jumla, wamepigwa na tufani siku 14 bila kula, aliwasihi wale kwa ajili ya uzima wao, akatwaa mkate, akashukuru mbele ya wote, akaanza kula. Na Kristo aliyefufuka alipowatokea wanafunzi waliokesha ziwani bila kupata kitu, aliwakuta wamechoka, akawaandalia samaki juu ya makaa. Mvuvi wa Malindi anayerudi pwani mikono mitupu msimu wa kusi, bahari ikiwa imechafuka, hahitaji habari hiyo ifafanuliwe sana.

La tatu ni kwamba faraja hupita mikononi mwa wengi. Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba Mungu huwafariji watu katika dhiki ili nao wawafariji wengine. Kwa Warumi anaeleza kwamba dhiki huzaa saburi, na saburi hukomaza mtu hadi kufika kwenye tumaini. Hasemi dhiki ni njema. Anasema haina uwezo wa kuwa neno la mwisho.

Historia ya pwani

Habari za kale za faraja ya Kikristo huku Malindi zinahusu mazishi. Mwaka 1542 Francis Xavier, akiwa safarini kwenda Goa, alipita Malindi na kumzika mtu aliyefia chomboni. Katika barua yake aliandika kwamba Waislamu wa mji walipendezwa na jinsi Wakristo walivyowahifadhi wafu wao. Kanisa dogo la Wareno lenye paa la makuti, pamoja na makaburi yake, lingali Malindi hadi leo.

Mwaka 1844 mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa na mkewe Rosine. Mwezi Juni alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwezi Julai Rosine akafariki kwa homa, na siku chache baadaye mtoto wao mchanga akamfuata. Krapf, naye akiwa mgonjwa, aliwazika upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa, kisha akarudi kwenye tafsiri yake. Johannes Rebmann alipowasili mwaka 1846, walianzisha kituo cha Rabai. Mtu wa kwanza kuipokea imani miongoni mwa wenyeji alikuwa Mringe, kilema aliyekuwa karibu na kifo. Kanisa la pwani lilianza hivyo, kwa mfiwa na mgonjwa.

Kizazi kilichofuata kilikuja na maumivu ya utumwa. Kuanzia miaka ya 1870, Freretown karibu na Mombasa ilipokea watu waliokombolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa. Kengele yake ilipigwa kuonya watu wavamizi wanapokaribia, na hadi leo mahali hapo panaitwa Kengeleni. Huku bara ya Malindi, Wagiriama Wakristo walianzisha kijiji cha Fuladoyo kilichowapokea watoro waliokimbia mashamba ya mabwana zao. Kiongozi wao mmoja, David Koi, aliuawa mwaka 1883 kwa sababu ya kazi hiyo. Faraja yake kwa watoro ilikuwa ardhi ya kulima, jirani wa kuwalinda na imani iliyowahesabu kuwa watu huru. Aliilipia kwa uhai wake.

Muyeye: namna faraja inavyofanya kazi

Muyeye ni mtaa wa watu wa kazi za mkono. Wengi ni Wamijikenda, hasa Wagiriama, pamoja na watu waliokuja kutafuta riziki kutoka sehemu nyingine za nchi. Riziki hutegemea hoteli, ujenzi, uvuvi, biashara ndogo, bodaboda na tuktuk. Wageni wakipungua, kama ilivyokuwa mwaka 2014 serikali za nje zilipowaonya raia wao wasisafiri, na tena mwaka 2020 wakati wa korona, mtaa mzima huhisi. Ukame wa kuanzia 2020, ulioharibu misimu mitano ya mvua mfululizo, uliwafanya wenye jamaa Ganze na Magarini wagawane hata kidogo walichokuwa nacho.

Panapotokea msiba, faraja huonekana waziwazi. Kabla mchungaji au katekista hajafika, akina mama wa kanisa wameshaingia na leso viunoni. Mmoja amebeba unga, mwingine majani ya chai na sukari, mwingine kuni. Sufuria kubwa huazimwa nyumba ya tatu, vijana hufunga turubai, na jioni daftari la michango hupita mkono kwa mkono: fulani shilingi 50, fulani 200, fulani ameahidi. Fedha hizo zitalipa bili ya mochari, jeneza na gari. Usiku ni kesha: nyimbo, sala, neno fupi, chai, kisha nyimbo tena. Mfiwa hulazimishwa kwa upole ale walau matonge mawili ya sima. Majirani Waislamu huja kutoa pole na mchango wao, na mara nyingi ni jamaa wa damu, kwa kuwa koo nyingi za hapa zina watu wa dini zote mbili pamoja na wanaoshika mila za kaya.

Baada ya mazishi kuna kazi isiyoonekana sana. Kwa Wakatoliki hufanywa na jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele tangu miaka ya 1970, na ambazo ni uti wa mgongo wa Jimbo la Malindi lililoundwa mwaka 2000. Familia chache hukutana nyumbani kwa zamu, husoma Injili, kisha huulizana hali: nani mgonjwa, mtoto wa nani amerudishwa nyumbani kwa karo, nani hajaonekana. Waanglikana na makanisa ya Kipentekoste wana vikundi vyao vya namna hiyo. Mjane huhitaji watu zaidi mwezi wa tatu, turubai ilipokwisha kufunguliwa na wageni wamekwenda, kuliko siku ya kwanza. Kikundi kinachomkumbuka wakati huo ndicho kimeelewa Injili.

Faraja iliyopotoshwa: Shakahola

Mwezi Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, bara ya Malindi. Miili zaidi ya 400 ilipatikana, mingi yake ya watoto. Waliofariki walihusishwa na kanisa la Good News International, lililoanzishwa mwaka 2003 na Paul Mackenzie, lililokuwa na makao yake Furunzi, Malindi, na kufungwa mwaka 2019. Waendesha mashtaka wanadai waumini waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mackenzie amekana mashtaka. Mwaka 2025 makaburi mengine yaligunduliwa Kwa Binzaro, katika eneo hilohilo.

Wengi waliokwenda msituni hawakwenda kwa kiburi. Simulizi za manusura na jamaa zinataja magonjwa, madeni, ndoa zilizovunjika na hofu ya dunia. Walitafuta faraja, na ndiyo maana jambo hili linatuuma. Kiu yao ilikuwa halali. Walichonyweshwa kilikuwa sumu.

Ni lazima isemwe bila kuzunguka kwamba kufunga si kosa. Wakristo hufunga Kwaresima na nyakati nyingine tangu kale. Lakini mfungo wa Kanisa una mwisho, hauwashurutishi watoto wala wagonjwa, na nabii Isaya katika sura ya 58 anaueleza kuwa ni kumgawia mwenye njaa chakula na kumpokea asiye na makao. Mfungo unaomnyima mtoto uji hauna mahali katika imani ya Yesu aliyesema binti apewe chakula.

Baada ya Shakahola kulikuja dhiki nyingine: jamaa waliosubiri Malindi matokeo ya vinasaba ili wapewe miili. Miili ya kwanza ilitolewa Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye, na wengi waliendelea kungoja. Huku pwani, msiba usio na kaburi haumalizikii popote. Shirika la Msalaba Mwekundu lilifungua dawati la kutafuta waliopotea na kutoa ushauri nasaha. Kwa familia kama hizo hakuna hubiri la kutosha. Kinachofaa ni watu wa kukaa nao, kuwasindikiza hospitalini, na kuwaombea marehemu kwa majina yao.

Vipimo vya faraja ya kweli

Kutokana na Maandiko na historia hii, Mkristo ana vipimo anavyoweza kuvitumia juu ya mahubiri yoyote, hata ya kiongozi anayempenda.

Kwanza, faraja ya kweli humruhusu mtu kulia na kuuliza. Pili, humsogeza karibu na watu wake. Mafundisho yanayomtenga mtu na mama yake, mwenzi wake na majirani yana hatari. Tatu, hulisha na kutibu: sala na dawa havigombani, na anayekuombea vizuri atakusindikiza pia hadi kituo cha afya. Nne, haiuzwi: mgonjwa hatozwi fedha za muujiza. Tano, kiongozi wake hukubali kuulizwa na wazee, wenzake na sheria.

Vipimo hivi humsaidia pia aliyezama katika huzuni isiyoisha: asiyelala, asiyekula, anayewaza kujiondoa duniani. Huyo hana dhambi ya kuungama kwa sababu ya hali yake. Anahitaji mtu wa kukaa naye leo, na daktari au mshauri leo.

Tumaini la mwisho

Mizizi ya tumaini la Kikristo ni ufufuo wa Kristo. Paulo anawaambia Wathesalonike kwamba waliofiwa wana huzuni, ila si huzuni ya watu wasio na tumaini. Ufufuo unafundisha kwamba mwili huu una thamani kwa Mungu, kwa hiyo hauachwi ufe njaa, hautupwi msituni, wala hauzikwi bila jina. Anayetazamia uzima wa milele ana sababu kubwa zaidi ya kuutunza uzima wa sasa, wake na wa jirani yake.

Kwa hiyo anayetaka kuiishi imani hii hana haja ya kungoja janga kubwa. Aanze na nyumba anayoijua ina shida. Abishe hodi, akae, asikilize kuliko kusema, aulize wamekula nini na nani anahitaji kupelekwa hospitalini, kisha asali nao kwa ufupi. Wiki ijayo arudi tena.