Kiwango Kimoja, Gharama Tofauti: Shaka ya Wananchi wa Bura kuhusu Malipo ya SHA

Tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ichukue nafasi ya bima ya taifa ya afya, NHIF, mnamo Oktoba 2024, hospitali hulipwa shilingi 10,000 kwa uzazi wa kawaida na 30,000 kwa uzazi wa upasuaji. Thika ni hivyo, Bura ni hivyo. Watu wa Bura wanapoutilia shaka mpango huu, maafisa husema hawajahamasishwa vya kutosha. Naamini wamehamasika, wamepiga hesabu.

Malipo ya aina hii yana utetezi wa haki. Hospitali ikilipwa kwa kila dawa na kila kipimo, bili huvimba, na madai hewa yaliyoiandama NHIF bado hayajasahaulika. Kiwango kinachojulikana mapema humsaidia msimamizi kupanga. Tena kimepanda: mpango wa uzazi wa awali, Linda Mama, ulilipa hospitali ya kaunti 5,000 kwa uzazi wa kawaida.

Lakini Bura, makao makuu ya kaunti ndogo ya Fafi kwenye ukingo wa mashariki wa mto Tana, hutegemea barabara ya Garissa kwa karibu kila kitu. Mafuriko ya El Niño ya Novemba 2023 yalipokata barabara za Garissa, mtungi wa oksijeni haukuwa tena suala la bei peke yake. Hata wakati wa kiangazi kuna gharama zisizojali idadi ya wagonjwa. Kaunti humlipa mkunga mshahara, ila friji ya chanjo lazima ipoe na jenereta lazima inywe dizeli, awe amejifungua mama mmoja usiku huo au kumi. Hospitali yenye wazazi wengi hugawa gharama hiyo kwa wengi; ya Bura huibeba kwa wachache. Pengo hilo hatimaye humfikia mgonjwa, anapoandikiwa dawa akanunue mwenyewe dukani.

Na mgonjwa huyo ameshatoa mchango. Mfugaji asiye na ajira rasmi hutakiwa kulipa kwa mwaka, si chini ya shilingi 300 kwa kila mwezi, hata kama ukame wa 2020 hadi 2023 ulimwachia mbuzi wachache. Kumwomba awe na imani kabla hajaiona dawa ni kumwomba mengi mno.

Hata tukiacha kulipia kila uzazi na kugawa fedha kwa kila kichwa, kuna tatizo jingine: ni lazima vichwa vihesabiwe. Sensa ya 2019 iliipa Garissa watu 841,353, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Garissa ikabatilisha matokeo ya sehemu za Mandera, Wajir na Garissa. Familia inayohama na mifugo hujiandikisha huku na kuugua kule.

Uingereza huwalipa madaktari wa familia kwa kila mtu aliyesajiliwa, lakini tangu 2004 hesabu hiyo huzingatia umri, maradhi na ugumu wa maeneo ya mashambani. Kenya yenyewe inalijua jambo hili: mgao wa mapato ya kaunti hupima umaskini na ukubwa wa ardhi. Serikali inayokubali kwamba umbali una gharama inapoigawia kaunti fedha haina sababu ya kulisahau hilo inapolipia kitanda cha mzazi. Jopo linaloshauri kuhusu viwango vya SHA linaweza kuongeza kigezo cha umbali na idadi ya wagonjwa bila kurudi kwenye bili zisizo na kikomo, kwani kilomita kutoka Garissa hadi Bura hakuna hospitali inayoweza kuzighushi.