Mzigo wa Mionzi kwenye Njia ya Misafara

Oktoba 1873 mwili wa mmisionari na msafiri David Livingstone uliingia Kwihara, jirani na Tabora mjini, ukiwa mabegani mwa wapagazi. Watumishi wake Chuma na Susi na wenzao walikuwa wameutoa Chitambo, katika Zambia ya leo, na Februari 1874 wakaufikisha Bagamoyo. Huko London, daktari mpasuaji William Fergusson aliutambua kwa mfupa wa mkono wa kushoto, uliovunjwa na simba mwaka 1844 ukaunga vibaya. Ili auone, ilibidi nyama ipasuliwe.

Miaka 21 baadaye, Novemba 1895, Wilhelm Röntgen aligundua mionzi inayoonyesha mfupa bila kisu. Mimi ni mpiga picha za eksirei hapa Tabora, na vijana wanaokuja kujifunza huwaanzishia historia ya fani yetu kwa mfupa ule uliopita kwetu. Kisha nawaeleza gharama ya mionzi hiyo. Mionzi haiumi wakati inapoingia mwilini. Clarence Dally, msaidizi wa mvumbuzi Edison huko Marekani, aliijaribu mitambo kwa mikono yake mwenyewe. Mikono ikaungua, ikakatwa, na mwaka 1904 akafariki dunia akiwa na miaka 39.

Hapa nchini sheria ya kinga dhidi ya mionzi ilitungwa mwaka 1983, na ile ya mwaka 2003 ikaunda Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Sisi wafanyakazi huvaa beji kifuani, nayo hupelekwa kupimwa. Kikomo chetu ni wastani wa dozi ya milisiverti 20 kwa mwaka. Mgonjwa hana kikomo kama hicho, na kuna sababu: mionzi mingi inaweza kuwa ndiyo itakayomwokoa.

Jambo hili lina uzito zaidi kwenye tiba radiolojia, ambayo mafunzo yake yalianza katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2018. Daktari hupitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa huku akiufuata kwenye skrini, na kazi ngumu huweza kuchukua saa nzima au zaidi. Mionzi ikipita muda wote sehemu moja ya mgongo, ngozi hulipa. Kuanzia dozi ya grei 2 huweza kuwa nyekundu ndani ya saa chache. Ikipita grei 6, wekundu mkubwa huja baada ya siku kama kumi. Dozi kubwa zaidi huleta vidonda wiki au miezi baadaye, wakati mgonjwa yuko kwao Sikonge au Urambo, akidhani ni mkanda wa jeshi.

Kinga yake inajulikana. Punguza idadi ya picha kwa sekunde, bana uwanja wa miale, sogeza kipokea picha karibu na mwili na bomba la eksirei mbali nao, badilisha pembe ili ngozi ileile isipigwe mfululizo. Ukiondoa mguu kwenye pedali, tazama picha ya mwisho iliyobaki kwenye skrini. Mwisho wa kazi mtambo huonyesha dozi kwa tarakimu.

Mzee mmoja aliyerudi kutoka hospitali kubwa alinipa karatasi yake niisome. Dawa zilitajwa, tarehe ya kurudi ilitajwa, dozi ya mionzi haikuandikwa popote. Nilisikitika. Tangu reli ifike Tabora mwaka 1912, wagonjwa wetu wanakwenda pwani kwa njia ileile ya misafara. Zamani mzigo wa mpagazi ulipimwa, kama frasila mbili, kabla hajajitwika. Wa mgonjwa nao umepimwa tayari na mtambo. Daktari aiandike tarakimu ile kwenye barua ya rufaa, na ikifika grei 5 amwambie mgonjwa na ndugu zake waikague ngozi ya mgongo, na waje hospitali mapema wakiona badiliko. Sisi wa Tabora tukiisoma barua hiyo, tutajua kidonda kimetoka wapi na tutakitibu ipasavyo.